Tuache kuwaambia watu "rudi Xorg" kila rimoti ikigoma?

Wakuu habari, hili naomba tulijadili maana linasumbua wengi. Mtu ana mashine ya Linux, akiingia kwa rimoti (yaani kuiendesha akiwa mbali kupitia mtandao) anakuta skrini nyeusi, au anaona kila kitu ila mausi haisogei, au anatakiwa abonyeze kukubali kwenye dirisha lililotokea huko huko kwenye mashine ambako yeye hayupo. Majibu yetu siku zote ni yale yale, logout, bonyeza alama ya gia pale pa kulogin, chagua Xorg (seva ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini) badala ya Wayland ambao ndo mfumo mpya, kwisha habari. Na inafanya kazi kweli, sibishi, ila hatumwambii amelipa nini.

X11 ni ya 1987, inaruhusu programu yoyote iliyofunguliwa isome skrini nzima na kila herufi unayochapa kwenye programu nyingine, ndo maana rimoti inapita bila shida, lakini programu chafu nayo inapita hapo hapo na kubeba paswedi. Wayland imeuziba huo mlango makusudi, programu ikitaka skrini lazima iombe ruhusa. Halafu njia yenyewe inafungwa, Ubuntu 25.10 imeshaondoa sesheni ya Xorg ya GNOME (ile desktop yake ya kawaida) na RHEL 10, Linux ya kampuni ya Red Hat, imeondoa kabisa seva ya Xorg. Mi nasema tuwafundishe RDP (njia ya kuiona na kuiendesha desktop ukiwa mbali) iliyomo kwenye GNOME yenyewe, tangu toleo la 46 la 2024 unalogin ukiwa mbali hata kama hakuna aliyekaa mbele ya mashine.

Mchangiaji 1: Mkuu nakuelewa ila si wote wanatumia GNOME. Na hiyo ya kulogin kwa mbali inakufungulia sesheni yako mpya, mimi namsaidia mama nyumbani nataka nione kile kile anachokiona yeye, sasa nikitumia ile ya kushea skrini, ikijifunga tu kwa lock nimetupwa nje. Kwenye X11 hilo sina. Usalama ni mzuri lakini mashine nisiyoweza kuifikia inanisaidia nini?

Mchangiaji 2: Jamani kabla ya yote andikeni echo $XDG_SESSION_TYPE kwenye terminal ya hiyo desktop, itawaambia mko Wayland au X11, wengi wanahangaika na Wayland kumbe wako X11 muda wote, tatizo ni mashine haina monita, kadi ya picha haioni pa kutoa picha. Kaplagi ka HDMI ka kudanganyia kanamaliza.

Mwanzisha mada: Mchangiaji 2 umenena, hiyo iwe hatua ya kwanza kabisa. Mchangiaji 1, kwa mama sikupingi, hapo Wayland bado haijakaa sawa na watengenezaji wanatakiwa waambiwe hivyo bila kuficha. Kama ni Ubuntu 24.04 sesheni ya Xorg bado ipo, itumie. Ninachokataa ni kumpa mtu WaylandEnable=false (mstari wa kuizima Wayland) aiweke kwenye /etc/gdm3/custom.conf kupitia SSH, yaani kwa amri akiwa mbali, aristati GDM ambayo ndo programu ya kulogin, halafu sesheni iliyokuwa wazi inakufa na kazi ambayo hajaseva, na hakuna aliyemwonya. Tena anaiacha hivyo hivyo miaka kwenye mashine anayofanyia mambo ya benki. Kwa hiyo ukimpa mtu hiyo dawa mwambie aseve kwanza, mwambie programu zake zote sasa zinachunguliana, na mwambie toleo lijalo akiapdeti hiyo Xorg anaweza asiikute.