Mdogo wangu anataka kurudi kwenye cherehani. Nimpeleke kituoni au nikae naye?

dada_wa_Moro: Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu ana miaka 27, ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili. Ni fundi cherehani. Miezi minane sasa hajalazwa, na sindano yake ya kila mwezi hakosi. Fundi aliyekuwa naye alimwambia "pumzika kwanza", kumbe cherehani keshampa kijana mwingine. Sasa anashinda amelala, jioni anazunguka akiomba nguo za watoto azitie viraka. Muuguzi wa kliniki anashauri kituo cha utengamao, yaani cha kuwarudisha wagonjwa kwenye maisha ya kawaida, wanakofanya kazi pamoja. Mama hataki, anaogopa ataitwa mgonjwa maisha yake yote. Nishaurini.

muuguzi_mstaafu: Pole sana mwanangu. Nimekaa wodi ya akili miaka 22. Kazi ni tiba, nimeiona. Vikuruti, kile kijiji cha Muhimbili, wanalima na kufuga. Lutindi, hospitali ya akili kule Korogwe, wana shamba la chai. Mtu anafika hata kuoga mpaka asukumwe, baadaye ndiye anayewaamsha wenzake kwenda shamba. Ila kabla hujampeleka popote, uliza: atalipwa, hata kidogo? Na atatoka lini? Kama hakuna jibu, hapo mama yenu ana haki ya kuogopa.

Tena mwangalie mikono. Nilikuwa na mgonjwa fundi, uzi haukuingia kwenye tundu la sindano kwa sababu vidole vilitetemeka, akalia kama mtoto. Zilikuwa dawa, si uvivu. Tukampa pasi na vifungo, daktari akarekebisha dawa, siku moja akavuta kiti mwenyewe akakaa kwenye cherehani. Na asianze saa moja asubuhi, dawa za usiku zinamwacha mzito.

baba_wawili: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Fundi wa mtaani haimgusi, lakini kiwanda cha nguo inakigusa. Akishapata nguvu, mkumbuke hilo.

dada_wa_Moro: Shikamoo mama, asante. Nimemwangalia leo akishika kikombe, kweli mkono unatetemeka, na sisi tulikuwa tunamsema. Alhamisi ni kliniki, nitamwambia daktari. Kituo nimekipigia: wanalipa kwa kila nguo, na baada ya miezi sita wanakaa na familia kuangalia. Mama yetu kasema atakwenda kukiona kwanza kwa macho yake.

muuguzi_mstaafu: Marahaba. Aende na kijana mwenyewe, aulizwe yeye anataka nini.