Kwa nini ni "wait for me" ila "discuss" haitaki "about"? Nimechoka kuchorewa peni nyekundu

Karani_Kurasini:
Wakuu habari za saa hizi. Mimi niko kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, kazi yangu kubwa ni kuandika imeili kwa wateja wa nje, kontena limefika, karatasi gani inakosekana, ushuru umefikia wapi, mambo kama hayo. Jana nikampa bosi rasimu aipitie kabla haijaenda, akaiprinti kabisa, akairudisha mezani kwangu imejaa peni nyekundu. Nilikuwa nimeandika hivi: "As we discussed about the container yesterday, I request for the original bill of lading. We are waiting your reply." Sentensi mbili makosa matatu! Kakata "about", kakata "for", halafu pale kwenye "waiting" ambapo mimi sijaweka kitu ndo akachomeka "for". Yaani nilipoweka hakitakiwi, nilipoacha kinatakiwa. Nikamuuliza kwa nini, akasema ndivyo ilivyo, soma. Sasa nisome nini? Shuleni tulikariri in, on, under, kitabu kiko juu ya meza, paka yuko chini ya meza, basi. Hivi hivi vidude vina kanuni au ni kukariri mpaka tunaingia kaburini?

Chapati_Mbili:
Kukariri tu mkuu. Mimi nilishanyoosha mikono siku nilipojua "look after" ni kutunza na "look for" ni kutafuta. Macho yaleyale.

Ticha_wa_Zamu:
Bosi wako yuko sahihi kote kutatu, ila jibu lake halimsaidii mtu anayetaka kujua. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili na cha tatu, makosa yako nakutana nayo kwenye madaftari kila wiki, na ukiyatazama vizuri siyo ya kubahatisha, ni Kiswahili kinaongea chini kwa chini.

Anza na hiyo "waiting". Kwa Kiswahili unasema nakusubiri, huyo "ku" ameshapanda ndani ya kitenzi na mlango umefungwa, hakuna kitu kingine kinahitajika, kwa hiyo kichwa kinakutolea "I am waiting you". Nisikilize inakuwa "listen me". Nieleze inakuwa "explain me". Nipendekezee inakuwa "suggest me". Sisi ile kazi ya "to" na "for" tunaifanyia humohumo ndani, ndo maana tuna pika na pikia, leta na letea, andika na andikia. Mwingereza hana hiyo mashine, mara nyingi anachukua kipande anakibandika nje. Haya geuza upande wa pili, wasiliana NA mtu, mtoto ananiandikia "contact with". Fanana NA, "resemble with". Ingia KWENYE chumba, "enter in the room". Hapo sasa sisi ndo tuna kipande cha nje na mwenzetu hana, tunambebesha mzigo usio wake.

"Discuss" na "request" ni ugonjwa mwingine, na huu hata Wahindi na Wanaijeria wanao kwa hiyo usijione mjinga. Hapa kinachowachanganya watu ni nomino na kitenzi kufanana. Nomino inataka kipande, kitenzi hakitaki. "A discussion about the container" iko sawa, "a request for documents" iko sawa, ila ikishakuwa kitenzi kipande kinadondoka, unabaki na "discuss the container", "request the documents". Jaribu "demand", "visit", "lack", "answer" utaona mchezo ni uleule. Kuna kijana aliniandikia "I lack of money" kwa sababu masikio yake yameshasikia "lack of money" mara elfu, na pale ni nomino. Usiibebe kama msahafu lakini, maana "reply" inakusaliti, unasema "answer the email" bila kitu halafu "reply to the email" na "to" yake, nomino hata kitenzi.

Mapokezi_Usiku:
Ticha hapo umenifungua macho. Ila niongezee, kuna wakati ukikosea hicho kipande hukosei sarufi, unabadilisha kesi. Mimi niko mapokezi hotelini, zamu ya usiku. Kuna mgeni alikasirika geti limechelewa kufunguliwa, akamrushia mlinzi funguo za chumba zile zenye kibao kizito cha mbao, zikampata shavuni. Mlinzi kaja kwangu kashika shavu, ananiambia "amenirushia funguo", na mimi nikaandika kwenye kitabu cha matukio "The guest threw the keys to the guard". Asubuhi meneja, ambaye Kiswahili hajui, anasoma ananiuliza sasa tatizo ni nini, si kamrushia azidake? Kumbe ilitakiwa "threw the keys at the guard". "To" ni udake, "at" ni ikupate. Sisi tuna rushia hiyohiyo moja, mengine tunaelewana kwa sura ya anayesimulia. Na "shout" ni hivyohivyo, "shout to" unamwita mtu aliye mbali, "shout at" unamfokea. Nikaandika upya huku mlinzi kasimama pembeni shavu limevimba, ananiuliza bado tu.

Chapati_Mbili:
Hahaha bado tu. Maskini mlinzi.

Baridi_ya_Minnesota:
Jamani mnakuwa wakali sana. Huku Marekani watu wanasema "write me" bila "to", wanasema "protest the decision" na "appeal the decision" bila "against", na fomu wao "fill out" wakati Uingereza ni "fill in". Kwa hiyo mdogo wangu Karani, mtu akikukatia kitu angalia kwanza kasomea wapi. Na hiyo "discuss about" naisikia kazini kwa watu wa mataifa yote, sijaona mkutano uliovunjika kwa ajili yake. Iliyoniumbua mimi ni moja tu, nilienda kufungua akaunti, dada wa dirishani ananiuliza habari za familia nikamwambia "I am married with a driver". Akabaki ananitazama. Kumbe "married with two kids" kwao ni kwamba umeolewa na una watoto wawili, sasa mimi nimeolewa na nina dereva! Mume wangu ndo dereva jamani. "Married to".

Ticha_wa_Zamu:
Dada nakukubali, hizo za Marekani ni kweli kabisa. Tatizo mtihani wa taifa hausahihishiwi Minnesota.

Karani, kwa kazi yako ya mizigo na bei kuna kitenzi kimoja ukichunge kuliko vyote, "agree". "Agree with you" ni naona kama unavyoona. "Agree to the price" ni nimeikubali bei yako. "Agree on a price" ni tumevutana mpaka tumefika pamoja. Mteja ukimwandikia "we agree to your price" wakati bado mnavutana umeshauza mechi. Na kamusi, achana na zile za kutafsiri neno moja kwa moja, fungua kamusi za wanafunzi kama ya Oxford, ziko bure mtandaoni, ukitafuta "wait" inakuwekea "wait for somebody" kwa wino mzito. Kwenye daftari lako usiandike "wait" peke yake kamwe, andika na "for" yake, kama mtu na ubini wake.

Karani_Kurasini:
Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Ticha kumbe nimelogwa na Kiswahili changu mwenyewe. Mapokezi pole ya mlinzi. Leo nimeandika upya: "As we discussed yesterday, I request the original bill of lading. We are waiting for your reply." Imepita bila doa, imeenda. Saa hii bosi kanijibu wasapu, nanukuu, "Good. We will discuss on the other emails Monday."

Nimeangalia hiyo "on" weee. Nimejibu "sawa bosi", mshahara wa mwezi huu bado haujatoka.