Naomba ushauri: mfalme wangu wa kubuni aache urithi gani?

Ndugu zangu, naishi Kilwa Masoko na ninaandika riwaya ya mfalme shujaa ambaye upanga wake hunywa chumvi ya bahari kila anapoua, hadi maji ya pwani yanakosa chumvi na samaki wanayahama. Vita vyake nimeviandika bila shida. Kinachonikwamisha ni kifo chake na kile anachokiacha.

Nikitazama Kilwa Kisiwani, kisiwa jirani chenye magofu ya kale, namwona Sultani wake al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Aliwahi kupigana, lakini kilichobaki machoni petu ni Husuni Kubwa, jumba lake la mawe ya matumbawe lenye birika la pembe nane. Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyechochea vita vya Maji Maji, kwa upande wake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, na vita hivyo vikaendelea bila yeye hadi 1907.

Mimi navutiwa na njia hii ya pili, kwa kuwa kiongozi anayekufa mapema huwaachia wafuasi ugomvi mtamu (kwa mwandishi, si kwao) kuhusu nini hasa alitaka.

Je, upanga aurithi binti yake, au azikwe nao huku wavuvi wakiendelea kuonja maji kila asubuhi? Na ninyi wazoefu, mngemuua sura ya ngapi?