Mjadala: Ni nani mchezaji duni kuliko wote waliowahi kucheza kriketi ya testi?

Zamu ya Nne
Ningependa tulijadili swali hili kwa utulivu, maana kila linapozuka huishia kwenye kejeli. Ninazungumzia mechi za testi peke yake, zile za siku tano baina ya mataifa, wala si za siku moja au za ova 20 (ova moja ni mipira sita). Pendekezo langu ni Bryce McGain wa Australia. Machi 2009, mjini Cape Town, akiwa anakaribia kutimiza miaka 37, alipewa kofia ya taifa kwa mara ya kwanza, akarusha ova 18 dhidi ya Afrika Kusini, akapigwa mikimbio (yaani alama) 149 bila kuangusha wiketi hata moja, yaani bila kumtoa mpigaji yeyote, na hakuitwa tena. Mrushaji anayetoa mikimbio zaidi ya minane kwa kila ova katika mchezo wa siku tano hana utetezi, na atakayejitokeza kumtetea atakuwa anasukumwa na huruma, si ujuzi wa mchezo.

Mtazamaji Mkongwe
Ndugu Zamu ya Nne, nimeufuatilia mchezo huu tangu tulipokuwa tukiusikiliza redioni, kwa hiyo hilo la kwamba anayekupinga hana ujuzi ungeliacha. Januari 1992, mjini Sydney, kijana mmoja wa Australia alirusha mipira ya kuzungusha dhidi ya India. Ravi Shastri alimchapa mpaka akafikisha mikimbio 206, na ingawa mwishowe kijana huyo ndiye aliyemtoa, alimaliza zamu hiyo ya India ya kupiga akiwa na wiketi hiyo moja kwa mikimbio 150. Je, naye tungemwandika kuwa mchezaji duni kuliko wote? Jina lake ni Shane Warne, na alistaafu akiwa na wiketi 708.

Zamu ya Nne
Mzee wangu, umetaja mikimbio 150 ukaacha kutaja ova. Warne alirusha ova 45 siku zile, yaani alitoa mikimbio mitatu na kidogo kwa kila ova, naye alikuwa na miaka 22. McGain alitoa karibu mikimbio ileile kwa ova 18. Mtu anayelinganisha mambo mawili hayo anacheza na namba.

Mpenzi wa Takwimu
Kwa kuwa namba zimetajwa, naomba niziweke mahali pake. Mechi moja haithibitishi lolote. Marvan Atapattu wa Sri Lanka, katika zamu zake sita za kwanza za testi, alitolewa bila mkimbio mara tano, na katika ile nyingine akapata mkimbio mmoja. Alipomaliza alikuwa na mikimbio 5,502, na mara sita alikuwa amevuka 200 katika zamu moja. Ken Rutherford wa New Zealand alianza mwaka 1985 dhidi ya West Indies kwa kukusanya mikimbio 12 katika zamu saba, kisha akaendelea mpaka akacheza testi 56 na kuwa nahodha. Kama wateuzi wangewahukumu watu hao jinsi mnavyomhukumu McGain, leo tungekuwa tunawacheka.

Kwa hiyo sharti liwe kwamba mchezaji apewe nafasi ya kutosha, na bado ashindwe. Kwa kipimo hicho yuko Roger Wijesuriya wa Sri Lanka, ambaye katika testi nne aliangusha wiketi moja tu, kwa wastani wa mikimbio 294 kwa kila wiketi. Yuko pia Rubel Hossain wa Bangladesh, aliyecheza testi 27, akaangusha wiketi 36 kwa wastani wa 76.77. Na kwa upande wa kupiga, hakuna haja hata ya mjadala: Chris Martin wa New Zealand alicheza testi 71 na kukusanya mikimbio 123, wastani wa 2.36 kwa kila alipotolewa. Mikimbio yake mingi zaidi katika zamu moja ni 12, nayo aliipata dhidi ya Bangladesh, ambayo miaka ile haikuwa timu ya testi ila kwa jina.

Mpigaji wa Mwisho
Nimesoma mpaka jina la Chris Martin nikasimama. Huyu ni mtu aliyeangusha wiketi 233 za testi! Hakuteuliwa apige, aliteuliwa arushe, naye akarusha kwa zaidi ya miaka kumi, tena mara nyingi akiwa ndiye tegemeo la kikosi chenye warushaji wachache wa kasi. Ni kweli kwamba wiketi zake ni nyingi kuliko mikimbio yake, na kwamba watazamaji walikuwa wakishangilia kila alipofanikiwa kuuzuia mpira, lakini kumweka kwenye orodha moja na mtu aliyeshindwa kazi aliyoitiwa ni kutokujua timu ya kriketi inavyoundwa. Courtney Walsh ametolewa bila mkimbio mara 43 katika testi, na hakuna mtu hata mmoja mwenye akili timamu anayemwita duni, kwa sababu ana wiketi 519.

Mpenzi wa Takwimu
Nilisema waziwazi "kwa upande wa kupiga". Kusoma sentensi nzima kabla ya kukasirika ni jambo linalosaidia.

Mwana wa Padma
Mimi nimevumilia habari za Martin na za Warne, ila ile sentensi ya mwisho ya Mpenzi wa Takwimu siwezi kuipita. Bangladesh haikuwa timu ya testi ila kwa jina? Hebu tuzungumze basi kuhusu timu za testi kwa jina. New Zealand, nchi ya huyo Martin, ilicheza testi yake ya kwanza mwaka 1930 na ikasubiri mpaka 1956 ndipo ikashinda kwa mara ya kwanza, ikiwa ni mechi yake ya 45. Mwaka mmoja tu kabla ya ushindi huo ilitolewa yote kwa mikimbio 26 mjini Auckland, na mpaka leo hakuna timu iliyowahi kupata mikimbio michache kuliko hiyo katika zamu ya testi. India nayo ilianza 1932 na kushinda mara ya kwanza 1952. Bangladesh ilipewa hadhi ya testi mwaka 2000 na ikashinda Januari 2005, katika mechi yake ya 35. Sasa nielezeni, kwa nini miaka 26 ya New Zealand inaitwa subira, na miaka minne na kitu ya Bangladesh inaitwa aibu?

Mgeni Mwalikwa
Ndugu Mwana wa Padma, ushindi huo wa 2005 ulikuwa dhidi ya Zimbabwe ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imepoteza wachezaji wake 15 kwa mgogoro na chama chao. Ni Zimbabwe hiyohiyo ambayo Sri Lanka iliipiga mikimbio 713 kwa wiketi tatu (wapigaji watatu tu wakiwa wametolewa) mjini Bulawayo kabla ya kuamua kwamba inatosha. Na kama tunazungumzia hadhi, kuna nchi iliyostahili zaidi. Katika Kombe la Dunia la 2003 Kenya iliifunga Bangladesh, ikaifunga na Sri Lanka, ikafika nusu fainali. Bangladesh haikushinda mechi hata moja katika mashindano hayo. Mpaka leo Kenya haijawahi kucheza testi.

Mwana wa Padma
Kenya ilifika nusu fainali ikiwa imesaidiwa na New Zealand iliyokataa kusafiri kwenda Nairobi na kupoteza alama bila kucheza. Nawaheshimu akina Steve Tikolo, lakini mechi za siku moja hazithibitishi kwamba timu inaweza kusimama siku tano. Halafu mnasahau namna wengine walivyoipata hadhi hiyo. Mwaka 1889 Afrika Kusini ilicheza mechi mbili na kikosi cha Uingereza ambazo wachezaji wenyewe hawakujua kwamba ni testi. Jina hilo lilikuja baadaye. Mjini Cape Town Johnny Briggs aliangusha wiketi 15 kwa mikimbio 28, na wenyeji wakatolewa kwa 47 na 43. Katika kikosi cha Uingereza alikuwamo bwana mmoja, Emile McMaster, ambaye hakuwahi kucheza mechi nyingine yoyote ya daraja la kwanza maishani mwake, akapiga zamu moja na kupata sifuri. Huyo anaitwa mchezaji wa testi wa Uingereza, na hakuna anayemcheka, ila Rubel ndiye anayechekwa.

Zamu ya Nne
Naomba turudi kwenye swali. Hakuna aliyeuliza ni nchi gani ilistahili hadhi.

Mpenzi wa Takwimu
Ninarudi, ila si kabla ya kumjibu Mwana wa Padma kuhusu Rubel, kwa kuwa namba zake hazikutungwa na mimi. Na kama Rubel hamtoshi, yuko Alok Kapali, ambaye katika testi 17 aliangusha wiketi sita tu, kila moja ikigharimu mikimbio zaidi ya 118.

Mwana wa Padma
Tatu kati ya hizo sita aliziangusha kwa mipira mitatu mfululizo, dhidi ya Pakistan, mjini Peshawar, mwaka 2003, naye ndiye Mbangladesh wa kwanza kufanya hivyo katika testi. Tena Kapali alikuwa mpigaji aliyekuwa akirusha pale nahodha alipoishiwa. Wewe mwenyewe umeambiwa hapo juu kwamba mtu ahukumiwe kwa kazi aliyoitiwa, ukamjibu mwenzio kwa kejeli. Rubel, kwa taarifa yako, ndiye aliyewatoa wapigaji wa mwisho wa Uingereza mjini Adelaide katika Kombe la Dunia la 2015 na kuwafungisha virago.

Mpenzi wa Takwimu
Hiyo ilikuwa mechi ya siku moja, na sentensi chache zilizopita ulituambia kwamba mechi za siku moja hazithibitishi kitu.

Mpigaji wa Mwisho
Hapo amekushika, Mwana wa Padma.

Mwana wa Padma
Hajanishika popote. Nitampa testi. Januari 2022, Mount Maunganui, New Zealand wakiwa ndio mabingwa wa dunia wa testi, wakiwa nyumbani kwao, Bangladesh ilishinda kwa wiketi nane, wapigaji wake wawili tu wakiwa wametolewa katika zamu ya mwisho. Aliyewavunja alikuwa Ebadot Hossain, wiketi sita kwa mikimbio 46, mtu aliyeanza kama mchezaji wa voliboli katika jeshi la anga. Kabla ya mechi hiyo wastani wake ulikuwa miongoni mwa mibaya kabisa kuwahi kuandikwa kwa mrushaji wa testi. Kama tungefungua mjadala huu Desemba 2021, Mpenzi wa Takwimu angemweka Ebadot juu ya orodha kwa kujiamini kabisa.

Mtazamaji Mkongwe
Sasa niingie, kwa kuwa nimewasikiliza mkivutana kuhusu watu ambao kosa lao pekee ni kuitwa na kuitikia. McGain hakujiteua. Simon Kerrigan hakujiteua mwaka 2013 pale The Oval, alipopewa ova nane tu, akapigwa mikimbio 53, Shane Watson akimlenga yeye kwa makusudi, na Uingereza isimpe tena testi nyingine. Wateuzi walimwita kijana wakamtupa. Aibu hiyo ni ya wateuzi.

Yuko mmoja tu ninayemfahamu ambaye nafasi aliitafuta mwenyewe, akaipata kwa mali na ushawishi, kisha akaitumia kuiharibu timu. Huyo ni Maharajkumar wa Vizianagram, ambaye wengi humwita Vizzy, nahodha wa India katika ziara ya Uingereza ya 1936. Alicheza testi zote tatu na kupata mikimbio 33. Chini yake alikuwamo C. K. Nayudu, aliyekuwa nahodha wa India kabla yake na mchezaji asiyelinganishwa naye kwa lolote. Lala Amarnath, mchezaji wa kwanza wa India kupata mikimbio mia katika testi, alirudishwa nyumbani kwa meli kwa madai ya utovu wa nidhamu kabla ya testi ya kwanza kuchezwa. Timu iligawanyika makundi, India ikashindwa mfululizo huo, na katikati ya ziara hiyohiyo Vizzy akatunukiwa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza. Hakuna namba ya McGain wala ya Rubel inayokaribia hapo.

Mpenzi wa Takwimu
Mikimbio 33 kwa wastani wa 8.25. Nasikitika kukujulisha, mzee wangu, kwamba wastani huo ni zaidi ya mara tatu ya ule wa Chris Martin.

Mpigaji wa Mwisho
Martin tena! Vizzy hakurusha mpira hata mmoja katika testi hizo, aliingia kama mpigaji na nahodha, kwa hiyo 8.25 ndiyo kazi yake yote. Ukimlinganisha na mtu mwenye wiketi 233 unathibitisha kwamba namba unazisoma kama mtu asomaye bei sokoni bila kuuliza kinachouzwa.

Zamu ya Nne
Nina shaka na hoja ya Vizzy kwa sababu nyingine. Swali ni mchezaji duni, wala si mtu mbaya wala nahodha mbaya. Enzi zile ilionekana ni jambo la kawaida kikosi cha India kuongozwa na mtu wa ukoo wa kifalme, kwa hiyo tunamlaumu mtu kwa desturi ya zama zake.

Mtazamaji Mkongwe
Desturi hiyo alikuwa nayo pia Maharaja wa Porbandar, nahodha wa ziara iliyotangulia, ya 1932. Naye hakuwa mpigaji wa maana. Ila ilipofika siku ya testi pekee ya ziara hiyo, pale Lord's, alikaa pembeni na kumwachia Nayudu aongoze. Miaka minne tu inawatenganisha, kwa hiyo zama ni zilezile. Porbandar aliujua uwezo wake, na kwa sababu hiyo jina lake halimo katika orodha ya wachezaji wa testi. La Vizzy limo.

Mgeni Mwalikwa
Basi kwa hoja hiyo swali limebadilika kuwa ni nani alipaswa kujitoa na hakujitoa.

Zamu ya Nne
Limebadilika bila idhini yangu. Hata hivyo nikubaliwe kwamba tukiondoa cheo na siasa, tukimtazama Vizzy kama mpigaji tu, alipata zamu sita, na katika mbili hakutolewa. Zamu sita ni chache kuliko zile saba za Rutherford ambazo Mpenzi wa Takwimu alisema hazitoshi kumhukumu mtu. Hapo mzee wangu atanijibu nini?

Mtazamaji Mkongwe
Nitakujibu kwamba Rutherford alikuwa na miaka 19 na alikuwa akisimama mbele ya Malcolm Marshall, Joel Garner na Michael Holding.