Naomba ushauri: Makunduchi au Chwaka, na bamvua inatukuta

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Tunatoka Moshi watu wanne, mmoja ni mama wa miaka 68. Tunataka siku tano Unguja, upande uliotulia, si Nungwi wala Kendwa. Tumebakiwa na Makunduchi na Chwaka, zote pwani ya mashariki.

Kinachonikwamisha ni maji. Tarehe zetu zinaangukia mwezi mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji hujaa sana na kutoka sana. Pwani ya mashariki maji hutoka mbali mno kwenye saa nne asubuhi, yanabaki mwani, matumbawe na wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba, kisha hujaa saa kumi jioni. Mama anapenda kuoga asubuhi. Nimepigia nyumba mbili za wageni: moja inasema maji yapo kutwa, nyingine jioni tu. Hii ya pili naiamini zaidi.

Naomba kujua: kati ya Makunduchi na Chwaka, wapi mtu mzima anaingia majini kwenye mchanga mtupu? Au tusogeze wiki moja, tukute maji mafu, yaani yasiyojaa wala kutoka sana, asubuhi yamejaa?

Pia daladala 310 ya Makunduchi, ya mwisho hutoka mjini saa ngapi? Tutashuka botini alasiri na mizigo.

Natanguliza shukrani.