Doki moja, monita mbili, moja ikiwaka nyingine inalala

kijana_wa_kasarani

Wasee niaje, naomba msaada kabla sijarusha hii kitu dirishani. Niko na laptopu ex-UK, i5 ya kizazi cha nane, RAM 16, nilichukua tao na haijawahi kunisumbua. Sasa siku hizi nafanyia kazi nyumbani sana, kazi ya hesabu, Excel upande huu na sistimu ya kampuni upande ule, nikaona hii skrini ya inchi 14 itanimaliza macho. Nikanunua monita ya inchi 24, ya kawaida tu 1080p, baadaye jamaa fulani alikuwa anahama akaniuzia ya inchi 27 ya 4K, yaani nukta mara nne za 1080p, kwa bei poa, nikaenda Luthuli nikachukua doki ya USB-C elfu nane, kile kisanduku cha kuunganisha vitu vyote kwa laptopu na kebo moja. Iko na HDMI moja, DisplayPort moja, mahali pa waya wa intaneti, USB tatu na tundu la kuchomeka chaja.

Shida ndio hii. Nikichomeka monita zote mbili ile ya 4K inawaka lakini mausi inatembea kwa kukwamakwama, alafu ile ndogo inaandika hakuna signali na kulala. Nikichomoa 4K ile ndogo inaamka yenyewe, safi kabisa. Kila moja peke yake inawaka, zikiwa mbili ndio vita. Nimebadilisha kebo, nimebadilishana poti, nimeapdeti Windows na draiva za grafiki, wapi. Jamaa wa duka anasema laptopu yangu ndio mbaya. Na kusema ukweli mwenzangu wa kazi alipita hapa na yake ya kizazi cha 12 tukachomeka doki hiyo hiyo, zote mbili zikawaka hapo hapo bila maneno.

Kuna ingine. Dadangu ana MacBook Air ya M1, kwake zinawaka zote lakini zinaonyesha picha ile ile, hazikubali kutenganishwa. Na yangu bado inaniandikia ati chaja ni ya nguvu kidogo, na chaja ni ile ile ya 65W iliyokuja na laptopu, nimechomeka nyuma ya doki.

Nirudishe doki ama kuna kitu sioni?

mzee_wa_kebo

Windows + P alafu chagua Extend, kila monita ionyeshe picha yake. Karibu.

kijana_wa_kasarani

Hiyo nilianza nayo mkubwa. Nikichagua Extend skrini inazima kidogo inarudi na monita moja tu.

otis_wa_umo

Rudisha hiyo doki. Hizo vitu za elfu nane ni karatasi tupu ndani, mimi nilinunua moja ikapata moto mpaka ikanuka plastiki. Tafuta ya kampuni ya laptopu yako hata kama ni ya mtumba.

Mama_Seva

Otis ya kunuka plastiki ni sawa airudishe mbio, lakini hii yake imewasha monita mbili kwa laptopu ingine, sasa doki inakosea wapi? Na laptopu yake pia haina kosa. Ni vile tu zikikutana hesabu haitoshi, na vile umesema kazi yako ni hesabu wacha nikupigie.

Hilo tundu la USB-C ni umbo tu. Ndani yake kunaweza kupita chaji, data na picha, ama data pekee bila picha kabisa, inategemea aliyeunda laptopu aliunganisha nini kwa bodi. Picha ikipita hapo inatumia kitu inaitwa DisplayPort Alt Mode, yaani zile nyaya za kasi ndani ya kebo zinaazimwa kubeba picha. Ni leni nne. Sasa doki yako iko na USB za kasi na intaneti ya waya, hizo lazima zipate njia, kwa hivyo leni mbili zinaenda kwa data na mbili ndio zinabaki za picha. Ni Thika Road imefungwa nusu na magari ni yale yale.

Grafiki ya Intel ya kizazi cha nane inatoa DisplayPort 1.2. Kila leni hapo ni gigabiti 5.4 kwa sekunde, lakini asilimia 20 inaliwa na usimbaji, unabaki na 4.32. Leni mbili zinakupa 8.64. Hiyo ndio bajeti yako yote, ya monita zote zilizo nyuma ya doki.

Sasa matumizi. 1080p kwa 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, inakula kama gigabiti 3.3. 4K kwa 60Hz inakula karibu 12.8, hiyo haiingii hata ukisukuma na goti, kwa hivyo Windows inaishusha mpaka 30Hz ambapo inakula kama 6.3. Hapo ndio mausi yako inakwama, sio draiva, ni picha 30 tu kwa sekunde. Alafu jumlisha 6.3 na 3.3, unapata 9.6. Uko na 8.64. Monita ya pili imekosa pa kupita ikalala.

Ya mwenzako ni kizazi cha 12, hiyo inatoa DisplayPort 1.4, leni ni 8.1, mbili ukitoa makato ni 12.96. 9.6 inaingia na nafasi inabaki. Lakini muulize vizuri, kama doki haina ile kitu ya kubana picha inaitwa DSC basi hata kwake 4K ilikuwa 30Hz, ni vile hakukaa sana akaona.

Thibitisha mwenyewe usiniamini bure: fungua setingi za displei, shusha ile 4K iwe 1920 kwa 1080, alafu rudi kwa Extend. Mara mbili ya 3.3 ni 6.6, inafaa kuingia. Isipoingia rudi hapa unitukane.

kijana_wa_kasarani

Dada wewe ni nani 😭😭 nimeshusha ile 4K, nikabonyeza Extend, ile ndogo imewaka hata kabla sijatoa mkono kwa kibodi. Zote mbili ziko hai. Na jamaa wa kizazi cha 12 nimempigia, anasema eti sasa vile nimemuuliza ni kweli mausi ilikuwa nzito lakini alidhani ni meza yangu.

Sasa swali, nilinunua 4K nikae nayo kama 1080p? Maandishi yamekuwa makubwa na ukungu.

Mama_Seva

Hapana, si lazima zote zipitie doki. Laptopu yako iko na HDMI yake kando, si ndio? Ile monita ndogo itoe kwa doki uichomeke moja kwa moja kwa HDMI ya laptopu. Hiyo inatoka njia ingine kwa grafiki, haigusi zile leni za USB-C, na grafiki hiyo inakubali skrini tatu kwa jumla, yaani ya laptopu na mbili za nje. 4K ibaki kwa doki peke yake, uiweke 2560 kwa 1440 kwa 60Hz, hiyo ni kama 5.8, inaingia. Ama uiache 4K kamili kwa 30Hz kama kazi ni Excel tu na macho yako hayalalamiki, mimi singeweza.

Na kama unataka 4K ya 60Hz ya ukweli, tafuta kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, uichomeke kwa laptopu bila doki. Hapo leni zote nne zinabeba picha, 17.28, na 12.8 inaingia vizuri. Lakini kama USB-C ni moja basi umepoteza doki, itabidi laptopu ichajiwe na tundu lake la zamani, kama liko, na intaneti uvute kwa Wi-Fi.

Kuna monita za USB-C zenye USB ndani yake, kwa menyu yake kuna mahali unachagua kama unataka picha kali ama data ya kasi. Ukichagua picha USB zake zinarudi kasi ya zamani ya 2.0 na leni zote nne zinaenda kwa picha. Ukinunua ingine siku moja angalia hiyo.

otis_wa_umo

Sawa nimenyamaza. Lakini si angenunua tu doki ya Thunderbolt?

Mama_Seva

Kama laptopu yake iko na Thunderbolt, ile ya kasi zaidi inayotumia tundu hilo hilo la USB-C. Aangalie kando ya tundu, kuna kaalama ka radi? Herufi D na P zimeshikana ni DisplayPort tu. SS ama kale kamchoro ka USB pekee, mara nyingi ni data tu, ingawa kuna watengenezaji hawachori kitu na tundu linafanya kila kitu, hapo usome karatasi ya modeli. Radi ikiwepo na doki iwe ya Thunderbolt kamili na kebo yake, ni gigabiti 40 na picha inasafiri ndani yake bila kunyang'anyana leni hivi. Watu wanachomeka doki ya USB-C ya kawaida kwa tundu la radi wakidhani wamepanda daraja, hapana, inabaki ile ile ya leni mbili.

tufaa_bila_kipande

Wacha mimi nijibu ya dada yako. Hakuna kitu kimeharibika hapo. Kuna mambo mawili yamekutana. Kwanza chipu ya M1 yenyewe, Apple waliitoa mwaka 2020 na kwa MacBook Air inakubali monita moja ya nje basi, wameandika hivyo wenyewe kwa sifa zake. Pili doki yako inagawanya picha kwa njia ya MST, yaani kupitisha skrini kadhaa tofauti kwa waya mmoja, ambayo Windows inaielewa na macOS haiitumii kutenganisha skrini, inatuma picha moja na doki inairudia kote. Kwa hivyo hata angekuwa na Mac ya nguvu zaidi, kwa doki hiyo angeona mapacha.

M2 ni vile vile, moja. Air ya M3 inakubali mbili lakini ufunge kifuniko cha laptopu. Ya M4 ndio inakubali mbili na kifuniko kiko wazi.

Njia ya kuzunguka ni doki ya DisplayLink. Hiyo haitumii leni za picha kabisa, draiva inakamata skrini, inaibana kwa prosesa alafu inaituma kama data ya kawaida ya USB mpaka kwa chipu iliyo ndani ya doki. Inafanya kazi hata kwa M1, mimi natumia kwa kazi za kuandika. Ubaya wake: prosesa inafanya kazi ya ziada, macOS itamuuliza ruhusa ya kurekodi skrini na asipoikubali haiwaki, na akifungua sinema za Netflix zinaweza kuwa nyeusi kwa sababu ya ulinzi wa nakala. Na kama laptopu ni ya ofisi na hana ruhusa ya kuweka programu, asahau mpaka aongee na watu wa IT.

mzee_wa_kebo

Hiyo ya chaja mumeiruka. Doki inajilisha kwanza kabla ipitishe. Ukiweka 65W nyuma yake inaweza kujikatia kama 15, laptopu inapata 50 na inajua haijashiba ndio maana inaandika hivyo. Haitaungua, itachaji polepole na ukifanya kazi nzito betri inaweza kushuka hata kama imechomekwa. Tafuta chaja ya 100W na kebo iliyoandikwa 100W ama 5A. Kebo ya kawaida inaishia 60W, na zile zinakuja na simu nyingi ni za USB 2.0, zinachaji vizuri sana lakini picha hazibebi hata kidogo. Nusu ya watu wananiletea doki "imekufa" wamechomeka kebo ya simu.

Alafu stima ikipotea na kurudi na monita zikatae kuamka, usianze kufungua setingi. Chomoa doki kwa laptopu, chomoa na chaja yake ukutani, subiri kidogo, rudisha chaja kwanza alafu laptopu. Chipu ya doki huwa inaganda.

kijana_wa_kasarani

Nimefanya ile ya HDMI. Ndogo iko kwa laptopu, 4K iko kwa doki 1440 kwa 60Hz, mausi inateleza, na waya wa intaneti bado unafanya. Herufi ziko sawa, si kali kama 4K yenyewe lakini kwa Excel nimeridhika. Kebo ya DisplayPort nitachukua mwisho wa mwezi nione, saa hii mfuko umeishia kwa monita. Alama kando ya tundu ni hiyo D na P, hakuna radi.

Dadangu nimemsomea akasema atatumia monita moja na mimi nisiguse ruhusa zake za skrini.

nyanya_wa_rongai

Samahani kuingilia. Mimi yangu ni laptopu mpya kabisa si ex-UK, iko na USB-C, nimenunua kiadapta cha kutoa HDMI na hakitoi kitu chochote hata monita ikiwa moja. Simu ya mtoto wangu nikichomeka kwa hicho kiadapta inatoa picha kwa TV. Inakuaje simu inashinda laptopu?

Mama_Seva

Shikamoo mama. Hapo kiadapta ni kizima, TV imethibitisha. Inaonekana USB-C ya hiyo laptopu haikuunganishwa na picha, na laptopu za bei ya chini nyingi ziko hivyo hata zikiwa mpya. Angalia modeli kamili chini ya laptopu, uitafute kwa tovuti ya aliyeitengeneza, pale kwa poti usome kama wameandika DisplayPort karibu na USB-C. Kama wameandika data tu, basi hakuna draiva ya kurekebisha, waya wenyewe haupo ndani. Tumia HDMI ya laptopu kama iko. Kama haiko ama unataka ya pili, omba dukani kiadapta cha DisplayLink, hicho kinakubali hata USB ya kawaida ya zamani. Na ubebe laptopu yako uende nayo, wakuchomekee hapo kaunta uone picha kabla hujatuma M-Pesa.