Mjadala: Zumaridi ni neno la nani?

Mwanzisha mada

Kamusi zetu zikifika kwenye zumaridi, kile kito cha kijani, husema kwamba ni neno la Kiarabu, kisha hunyamaza. Sipingi kwamba Waswahili walilipokea kwa Waarabu, wanaosema zumurrud. Ninachopinga ni kuufanya mlango wa mwisho kuwa ndio chimbuko. Kiarabu chenyewe hakina mzizi wa kulizaa neno hilo. Limo humo kama mgeni, kama lilivyo mgeni kwa Mwajemi anayesema zomorrod na kwa Mturuki anayesema zümrüt. Wote hao walilipata, kwa njia moja au nyingine, kutoka kwa Wagiriki waliosema smaragdos. Hata ile z ya mwanzo si ajabu, kwa kuwa s ya Kigiriki ikitangulia m hutamkwa z: mji wa Smyrna uliwahi kuandikwa Zmyrna, na leo ni Izmir.

Dai langu ni kwamba Wagiriki nao walikopa, na waliwakopa Wasemiti, yaani watu wa jamii ya lugha zenye Kiarabu na Kiebrania ndani yake. Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, kilikuwa na barraqtu, na Kiebrania kina bareqet. Mzizi wake ni b-r-q, wenye maana ya kumetameta, ambao Kiarabu kinao katika barq, yaani umeme wa radi, na ambao huhusishwa pia na jina la Buraki, mnyama aliyempanda Mtume usiku wa Miraji. Anayetaka ushahidi wa karibu afungue Biblia ya Kiswahili ya Union, Kutoka 28:17, penye vito vya kifuko cha kifuani cha Haruni. Jiwe la tatu limeachiwa jina lake la Kiebrania, baregethi, na mstari unaofuata unaanza kwa zumaridi. Waliotafsiri kitabu hicho kwa Kigiriki zamani, pale pale penye baregethi, waliweka smaragdos. Ikiwa sikukosea, basi neno moja limekaa katika mistari miwili iliyofuatana, limevaa nguo mbili, na msomaji hana habari.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, India umeipita kimya kimya. Kisanskriti kina marakata, jina la jiwe hilo hilo. Watamil husema marakatam, na hata Thailand ni morakot. Kigiriki chenyewe kina umbo la pili lisilo na s, yaani maragdos. Uliweke kando ya marakata, kisha uliweke kando ya barraqtu, useme kwa dhati ni lipi linalofanana nalo zaidi. Kutoka Kiakadi inakubidi ugeuze b iwe m. Kutoka Kisanskriti hapo hugeuzi kitu. Tena, mwaka 2000 wanasayansi waliopima oksijeni iliyomo katika zumaridi za kale walionyesha kwamba hereni moja ya zama za Warumi, iliyopatikana Ufaransa, ilikuwa na jiwe kutoka bonde la Swat, ambalo leo liko Pakistan. Jiwe likisafiri, husafiri na jina lake.

Mwanzisha mada

Hoja ya b na m ni nzito, na nakiri kwamba ndiyo iliyonisumbua kwa muda mrefu kuliko zote. Lakini itazame zabarajadi, jina la kito kingine. Wanaisimu wengi huihesabu zabarjad ya Kiarabu kuwa mtoto mwingine wa smaragdos, aliyepita njia yake, na ndani yake m imekuwa b. Sauti zote mbili ni za midomo. Ikiwa safari ya kwenda inawezekana, ya kurudi haiwezi kuitwa muujiza. Isitoshe, marakata haina ukoo katika Kisanskriti, na wapo wataalamu wa lugha hiyo wanaoiona kuwa ya kigeni, ilhali barraqtu ina jamaa tele.

Kuhusu mawe, Misri ilikuwa na machimbo ya Sikait, katika jangwa lililo kati ya mto Naili na Bahari ya Shamu. Cosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria wa karne ya 6, aliandika kwamba Wahabeshi walizipata zumaridi kwa Wablemi, watu wa jangwa hilo, na kuzipeleka India. Ukisema jiwe husafiri na jina lake, hiyo ni safari ya kwenda India, si ya kutoka.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnaamulia neno kwa machimbo yaliyochimbwa baada ya neno kuwapo. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, tayari anatumia smaragdos, tena kwa kueleza nguzo ya hekalu moja mjini Tiro, iliyong'aa usiku. Nguzo! Hakuna zumaridi ya ukubwa huo, kwa hiyo neno lilitumika kwa mawe mengi ya kijani, na hereni ya Ufaransa pamoja na bidhaa za Wahabeshi havituambii lilizaliwa wapi. Tiro, hata hivyo, ulikuwa mji wa Wafoinike, nao ni Wasemiti, kwa hiyo mizani yangu inaelemea kidogo upande wa mwanzisha mada.

Kwa kamusi ningeandika hivi: kutoka Kiarabu, kutoka Kigiriki, kabla ya hapo Kisemiti, kukiwa na alama ya kuuliza. Halafu niulize nami: zumaridi ya Kutoka 28:18 kwa Kiebrania ni nofekh, neno lisilo na uhusiano wowote na b-r-q. Kwa nini watafsiri walimpa huyo zumaridi, wakamwachia baregethi ugeni wake?